Jua la Kidonge

Baba Zawadi,

Neno “mpendwa” usilitafute, sijaliandika. Kaka yako ameleta ujumbe kwamba unamtaka Zawadi likizo hii, aje kwako Ziba. Jibu ni hapana.

Unakumbuka alipokuwa mchanga, tulipopanga chumba Tabora mjini? Ulikuwa ukimbusu kwenye paji la uso, unalamba midomo, unacheka, “Mama Zawadi, mwanao ana chumvi!” Nami nacheka. Kumbe tulikuwa tunaucheka ugonjwa. Siku zile nilikupenda, sikatai.

Kisha kikohozi kisichoisha, choo cha mafuta, mtoto hanenepi. Mama yako akasema ni mambo ya ukoo wetu kule Lusu, nawe hukunitetea. Daktari alipotueleza kwamba huu ni ugonjwa wa kurithi, sistiki fibrosisi, na kwamba mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili, ukatoka nje kupiga simu. Simu hiyo haijaisha mpaka leo.

Miguu ilipoanza kumuuma, vipimo vikaonyesha vitamini D iko chini mno. Siku hiyo ulikuja, ukamcheka daktari: “Jua lote hili la Tabora, mtoto apewe jua la kidonge?” Akakujibu kwa upole kwamba jua husaidia, ila mwili wa Zawadi haunyonyi mafuta vizuri, na vitamini hiyo huingia mwilini pamoja na mafuta. Ameze kila siku, na chakula. Ukaitikia kwa kichwa. Kwa kuitikia hujambo.

Mwaka jana nikakuamini, nikamleta kwako na vidonge vyake. Ukaviweka juu ya kabati, usimpe hata kimoja. Ukamkalisha uani kutwa, kando ya turubai la mpunga, afukuze kuku, eti mifupa ipate jua. Ukamwanika pamoja na mpunga! Mtoto ambaye jasho linammalizia chumvi mwilini. Siku ya tatu akaanguka, mkono ukavunjika kwa kuangukia mchanga tu. Nilimkuta wodini ana dripu, nawe ukaniambia, “Hata mimi nimelelewa juani.” Sijakusamehe, wala sijaanza kujaribu.

Kinachoniuma ni kwamba anataka kuja. Alishakunja nguo zake, akachagua na viatu. Ningeweza kumwambia, “Baba yako ameghairi,” na ungestahili. Nimemwambia ni mimi niliyekataa. Tangu jana hasemi nami. Basi na anichukie, ilmradi awe hai wa kunichukia.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Zawadi