Kurasa Kumi na Sita

3 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umekuachia kidogo. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Chumba cha kufulia cha hospitali hakina huruma, mashuka hayaishi.

Juzi nilipita maktaba ya hapa nikakikuta kile kitabu cha nahodha mwanamke, aliyepaa kwenda kwenye nyota akamwacha baba yake. Ndani ya chombo ulipita mwaka mmoja, duniani arobaini. Chetu ulikijalidi wewe mwenyewe, jalada la kijani, mwaka aliofariki Mama, nami nina miaka tisa. Nilikisoma mpaka kikalegea. Nimekiazima na kumpa kwanza mwenzangu anayepiga pasi, maana siku hizi anakumbuka kwao mno. Nimemwambia asome bila hofu, mwisho wake mtamu: nahodha anaiona dunia dirishani, ndogo kama kifungo cha shati, anarudi nyumbani. Akimaliza nitakisoma tena mimi. Nawe kisome, Baba. Chetu si bado kipo rafu ya juu?

Likizo mwaka huu sitachukua, tuko wachache kazini. Mwakani, Mungu akipenda.

Mwanao,
Gundi

20 Februari

Gundi wangu,

Marahaba, mwanangu. Niko salama. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana, na kikohozi kidogo tu cha vumbi la karatasi kuukuu. Mikono ipake mafuta. Tangu utoto vidole vyako havina amani. Enzi hizo vilikuwa vimegandana kwa gundi yangu.

Hicho kitabu kirudisheni maktaba. Vitabu vya utotoni ukivirudia ukubwani vinapoteza ladha. Huyo mwenzako mtafutie kingine, hata cha mapishi, atafaidika zaidi.

Ya likizo usijali. Mimi nipo.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijambo.

Mwenzangu amekirudisha kitabu, macho mekundu. "Huu ndio mwisho mtamu? Dada, una moyo gani wewe?" Nikadhani ananitania. Nimekisoma kwa siku mbili, hata chakula cha mchana sikwenda. Baada ya kile kifungo cha shati kuna kurasa kumi na sita, Baba. Anatua. Anatembea mpaka kwao. Mlango unafunguliwa na mtu asiyemjua, anamwambia mzee alikaa hapo nje kwenye kiti chake miaka thelathini na moja, kisha akafa. Anamwonyesha kiti. Kitabu kinaishia hapo, nahodha amesimama, hathubutu kukikalia.

Maisha yangu yote nimeamini kwamba anayesubiri hukutwa. Miaka kumi na moja sijarudi nyumbani, kila mwaka nasema mwakani, na moyo wangu umetulia. Usiniambie kurasa zilidondoka zenyewe. Wewe hudondoshi hata moja. Kwa nini?

Mwanao

2 Aprili

Gundi wangu,

Marahaba. Najua umenuna, hata salamu umezipima kwa kijiko.

Nilizitoa mimi. Nilikuwa nataka kushona fungu la mwisho la kurasa, macho yakaangukia maneno, nikasoma mpaka mwisho. Mama yako tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia, na wewe kila ukitoka shule unauliza, "Nahodha atamkuta baba yake?" Nilishakujibu kwamba atamkuta, basi kitabu nacho ilibidi kiseme hivyo. Nilikusudia kuzirudisha ukikua kidogo. Ukafika miaka kumi na miwili, ukawa umeanza kucheka tena. Ukafika kumi na minane, ukawa unafunga sanduku. Fundi anayejiheshimu hafanyi vile, nami nimefanya mara moja tu katika maisha yangu. Nisamehe, mwanangu.

Kikohozi bado kipo. Nimekwenda kuonwa hospitali, daktari ni kijana mchangamfu sana. Ningeendelea kukuandikia, ila karatasi imeniishia.

Baba yako

9 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hujambo na kikohozi? Nimenuna vya kutosha, miezi minne imetimia, na nakukumbuka. Nimeomba likizo na nimepewa. Nafika mwisho wa mwezi. Zitafute hizo kurasa, tuzishone pamoja.

Mwanao,
Gundi

30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza yako, kwa kalamu yako, kwa sababu sijui nitaongea nawe vipi tena.

Nimefika jana. Barua yangu nimeikuta chini ya mlango, haijafunguliwa. Fundi viatu, jirani yako, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Amesema walikuzika tarehe sita, siku tatu kabla sijakuandikia. Tangu Aprili alikuwa anakuomba nielezwe, nawe unamjibu, "Mwache, ana kazi," na anwani yangu hukumpa.

Karatasi imekuishia, ulisema. Chumba hiki kina karatasi mpaka darini, Baba. Mtoto wa mjalidi nilipaswa kushtuka, lakini nilikuwa nimeshughulika na kununa.

Kwenye droo nimezikuta kurasa kumi na sita, umezifunga kwa uzi. Juu yake kuna karatasi moja, mwandiko wako, tarehe mbili Aprili, mwisho wa ile barua yako: "Daktari anasema ni mapafu, na Desemba sitaiona. Sitaki kukuharakisha. Lakini ukipata nafasi, mwanangu, njoo."

Uliniambia umefanya mara moja tu. Umefanya mara mbili. Nimekukasirikia, na nimejikasirikia mimi zaidi.

Leo nimezishona kurasa mahali pake, na karatasi yako nyuma kabisa. Ushonaji wangu umepinda na gundi imenijaa vidoleni. Nikirudi kazini nitampa mwenzangu wa pasi hiki cha kwetu. Nitamwambia akisome tena, asiruke hata ukurasa mmoja, halafu aende akaombe likizo.

Mwanao,
Gundi