Yai lenye alama ya mkaa

Ruhuwiko, Alhamisi

Halikuwa langu lile. Mimi huandika siku kwa penseli kwenye kila yai, kisha nalipanga ndani ya pumba kavu, ncha ikiwa chini. Yai alilonionyesha leo mama wa mgahawa lilikuwa na damu ndani, na siku imeandikwa kwa mkaa.

"Mama Neema, mimi nauza chipsi mayai, sio chipsi vifaranga," akaniambia. Wateja wakacheka. Akikuta jingine, atanunua kwingine. Na tangu shirika nililofanyia kazi litupunguze, trei yake ya kila wiki ndiyo inatulisha.

Nyumbani nikamwinua kuku anayeatamia. Nilimwekea mayai kumi na mawili, yamebaki tisa. Jikoni, kwenye mkaa, anashinda wifi peke yake.

"Wifi, labda kuku kayala," alisema bila kuniangalia.

Kuku akila yai huacha maganda. Sikuona hata kipande. Nadhani wifi alichukua mabichi yangu matatu kwenye trei, akajazia ya kuatamiwa, maana anajua nahesabu.

Basi mawili bado yamo mgahawani. Kesho alfajiri nakwenda kuyamulika yote kwa tochi nione yenye damu, maana mkaa hufutika, kabla mama wa mgahawa hajayapasua.

Wifi kaniuliza tochi ya nini. Nimemwambia ya chooni.