Mshale Uliokosekana Ubaoni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na cherehani mpya haikusumbui. Mimi mwilini sijambo. Moyoni ndiko kusikokalika. Nakusihi usome barua hii hapo hapo mlangoni, na usiufunge mlango kabla hujafika mwisho.

Jana nilitoa mhadhara wa majaribio, ule utakaoamua kama nitaajiriwa kufundisha. Mada ilikuwa kategoria ndogo. Kategoria, kwa lugha nyepesi, ni vitu na mishale inayotoka kimoja hadi kingine. Ukiwepo mshale kutoka kitu cha kwanza hadi cha pili, na mwingine kutoka cha pili hadi cha tatu, lazima uwepo pia wa kutoka cha kwanza hadi cha tatu. Kategoria ndogo huchukua baadhi tu ya vitu na mishale hiyo. Ikiitwa kamili, ukishachagua vitu huna tena ruhusa ya kuchagua mishale: yote iliyo kati ya vitu hivyo hubaki.

Kwa kutaka kuwapendeza wakubwa, nilichora Baba, mimi na wewe, mishale ikiwa habari zinazopita baina yetu, nikaandika juu yake kwa majivuno: kamili. Mkuu wa idara, ambaye wanafunzi humwita Bwana Kwa Hiyo, akavua miwani. Akasema kwa hiyo habari za Baba hunifikia, kwa hiyo zangu humfikia Dada. Kwa hiyo mshale wa Baba hadi kwa Dada uko wapi? Nikajibu kwamba hawasemezani tangu Dada alipoacha karakana ya ushonaji ya Baba akafungua yake ng'ambo ya barabara. Ukumbi ukaangua kicheko. Akaniambia hesabu haijui kununa.

Mimi sikucheka. Katika safu ya nyuma nilikuwa nimemwona mtu ambaye sikumwalika, shati limepigwa pasi, tepu ya kupimia nguo bado i shingoni.

Alinisubiri koridoni. Aliniuliza kama watu wote wale wameliona lile pengo. Nikasema wameliona. Akaikunja tepu, akaikunjua, kisha akasema amechoka kuulizia habari zako kwangu. Niandike barua, ataipeleka mwenyewe.

Majibu ya kazi bado, wala siyo hayo yanayoninyima usingizi. Aliyekukabidhi karatasi hii amesimama mbele yako, na najua hajui aiweke wapi mikono yake.

Wabusu watoto. Na tafadhali, Dada, nisalimie Baba. Safari hii salamu zangu zipitie kwako.

Mdogo wako mwenye wasiwasi,
Yule uliyemwita Profesa kabla ya wakati