Punda Aliyekataa Mfereji

Jumanne, Oktoba

Na bado amenikasirisha, huyu punda wa mama. Mfereji wa maji ya bomba uko hapo tu karibu na kanisa na foleni ilikuwa fupi. Nikamfunga mitungi, nikamwelekeza. Akakataa kabisa! Akashika njia ya mtoni, mimi nyuma yake nikipiga kelele.

Mama Mwende, jirani, alikuwa akicheka. "Mwache. Anaenda kumtafuta mama yako."

Nikazidi kumfuata. Mama tulimzika mwaka jana.

Mto ni mchanga mtupu sasa. Punda akasimama pale pale mama alipokuwa akichimba, akaanza kufukua kwa kwato. Hiyo nilikuwa nimeisahau. Tukiwa watoto mama alikuwa akituambia tungoje punda achague mahali, ndipo tuchimbe. Na maji yakitokea, wa kwanza kunywa ni punda. "Si ndiye ameyaona?" mama alikuwa akisema, na sisi koo zimekauka.

Nikapiga magoti, nikachimba kwa bakuli. Maji yakaja polepole, baridi, na ile ladha ya mchanga ambayo mfereji hauna. Nikampa yeye kwanza.

Kaka yangu ameshapata mnunuzi wa punda huko mjini Kabati. "Maji iko mlangoni, punda ni ya nini?" aliniambia jana kwa simu. Mtu huyo anakuja kesho asubuhi.

Sijui nitamwambia kaka nini. Punda nimemfunga nyuma ya jikoni, mahali ambapo mtu akisimama barabarani hawezi kumwona.