Kumbukumbu ya Saba

Mbale, Maragoli
9 Desemba 2004

Kwa dada yangu mpendwa, Respa Kadenyi,

Salamu nyingi zikufikie huko Lugari, nami natumaini zitakukuta u mzima, goti limepungua kuuma na mvua haijakuozeshea mahindi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Loice anakusalimu sana, anauliza ile dawa ya goti ulijipaka mwenyewe au uliwapaka kuku. Ng'ombe amezaa ndama dume, mkaidi kama marehemu baba, hataki kufungwa wala kufunguliwa.

Najua barua hii unasomewa na mjukuu wetu. Minayo, hujambo? Nimesikia umekuwa wa tatu darasani, hongera. Msomee nyanya polepole. Ukifika mahali pagumu usiruke, hata nyanya akikuambia uache. Maneno haya ni yako pia, kwa sababu yanamhusu mama yako.

Dada, Ijumaa iliyopita nilistaafu. Miaka thelathini na miwili nimekuwa karani wa ile shule ya wasichana, na kazi iliyonipa jina ni kuandika kumbukumbu za mikutano ya bodi. Waliniaga kwa chai na mkate, wakanipa blanketi na saa ya ukutani. Loice aliitazama ile saa akasema watu wa shule wana mzaha kweli, wanampa saa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Mwalimu mkuu wa sasa alisimama akanisifu, akasema kalamu ya Igunza haijawahi kusema uongo. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinamia kikombe, nikakoroga chai isiyo na sukari.

Siri ya mtungi aijuaye kata, kwa hiyo acha nikueleze mikutano ile ilivyo. Karani huketi mwisho wa meza. Si mjumbe, hapigi kura, hana ulimi mpaka aulizwe. Anaandika kwa penseli wanayosema wakubwa, halafu baadaye, peke yake, anayachapa kwa mashine na kuyatia kwenye faili. Yanalala humo mpaka muhula unaofuata. Wajumbe wakikutana tena wanaulizwa kama hayo ndiyo waliyoyasema. Hakuna aliyeyasoma. Mmoja anapendekeza yathibitishwe, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anatia sahihi upesi kabla chai haijapoa. Kuanzia hapo hata wao wenyewe hawawezi kubishana nayo. Lililosemwa lisipoandikwa, halikusemwa.

Baba hakutufundisha hivyo. Wakati ule alipokuwa karani wa mikutano ya Kanisa la Marafiki, unakumbuka, watu walikaa kimya mpaka jambo liive, kisha baba akaandika palepale, akasimama na kusoma alichoandika. Mama mzee wa nyuma kabisa aliweza kusema, “Ndugu, mimi sikusema hivyo,” naye baba akafuta na kuandika upya bila kununa. Alikuwa akiniambia kwamba watu wasiinuke kabla maandishi hayajasomwa, maana wakishainuka kila mtu anaondoka na mkutano wake. Nilimwona mtu wa zamani. Mimi nilikuwa na mashine ya kuchapa, tena niliyoijua kwa sababu wewe uliuza ndizi sokoni miaka miwili nilipie chuo, wewe ambaye hukupelekwa hata darasa la pili.

Sasa nakuja kwenye mwaka wa tisini na moja. Vumilia, dada. Nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini nafika.

Mkutano ule wa Julai ulikuwa na jambo moja zito, karo ambayo haijalipwa. Muuza mahindi alikuwa amekataa kuleta tena, na wapishi walikuwa hawajapata mshahara. Orodha ilikuwa na wasichana arobaini na mmoja, na Edna wetu, binti yako, alikuwa wa kumi na tisa kwenye orodha hiyo, kidato cha nne, amebakisha muhula mmoja afanye mtihani. Nililichapa jina lake mwenyewe. Wajumbe walikata shauri kwamba shule ikifunguliwa Septemba wote wenye deni wageuziwe langoni mpaka walipe. Hiyo nikaiandika, ikawa kumbukumbu ya sita.

Ndipo ikasomwa barua yako. Ile tuliyoiandika jikoni kwako, kabla hujahamia Lugari, wewe ukisema na mimi nikiandika, ukaweka kidole gumba kwa masizi ya chungu kwa sababu nilisahau wino. Ulisema huna pesa ila una maharagwe, na kwamba wasichana wa shule hula maharagwe. Mwalimu mkuu wakati huo alikuwa Bi Undisa, na ndiye aliyeisoma. Bwana Chogo, mhasibu, akanyoosha shingo kuitazama, akasema mwandiko huu anaufahamu, kumbe siku hizi karani anajiandikia barua na jioni atajijibu. Mwingine akadakia, “Karani, leo maharagwe ya dada, kesho utatuletea kuku wa shemeji, au siyo?” Wakacheka mpaka mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Nami nikacheka, masikio yakiniwaka moto.

Hapo ndipo ninapoishia kila mara ninapokusimulia. Nilikuambia walicheka, kisha wakakataa.

Septemba Edna aligeuziwa langoni na sanduku lake. Siku ya tatu ukaja wewe mwenyewe, bila kuitwa na mtu, na gunia la maharagwe juu ya baiskeli ya kukodi. Bi Undisa alikuwa amehamishwa wakati wa likizo. Mwalimu mkuu mpya, Bwana Mudanya, alikuwa na wiki mbili tu hapo, na hakuwa mtu mbaya. Alikukaribisha kiti. Alisema yeye ni mgeni, anachokijua ni kilicho kwenye faili, na kama bodi iliruhusu maharagwe basi itakuwa imeandikwa. Kisha akanigeukia akaniambia, “Msomee mama kumbukumbu zote, asije akadhani tunamficha.”

Nikasimama mbele yako nikasoma. Ya kwanza hadi ya sita, na ya saba ambayo ilihusu bati la jiko linalovuja. Ulikuwa ukinitazama mdomo. Nilipomaliza ulisema, “Basi, kama haimo, haimo.” Kisha ukasema gunia hurudi nalo, wasichana wengine wale, maana baiskeli ulilipia ya kuja tu. Ukafunga leso yako kiunoni ukaondoka kwa miguu. Maharagwe yale yalipikwa juma lile. Mimi sikuyaonja, nilisema tumbo linanisumbua.

Mtihani ulipita bila Edna. Akaenda Nandi kuchuma majani chai, akakupatia Minayo, akapata na kile kifua. Mwezi wa pili mwaka huu tulimzika. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu, kama ninavyowaandikia wafu wote wa ukoo, na niliandika kwamba aliacha masomo kwa kukosa karo. Niliusoma mbele ya watu mia tatu, kwa sauti nzuri. Halafu ukainuka wewe kushukuru. Ulisema bodi ile ilikuwa na moyo wa jiwe, lakini humlaumu mtu, kwa sababu hata ndugu yako aliyekuwa ndani aliwalilia wakamkataa. Ukanishika mkono mbele ya jeneza. Dada, mkono ule haujanipa usingizi tangu siku hiyo.

Sikuwalilia. Na hawakukataa.

Minayo, endelea kusoma.

Kicheko kilipokwisha, Mzee Zablon Kidiga alisimama. Unamkumbuka, yule mwalimu mstaafu wa Chavakali aliyetembea na mwavuli hata kiangazi. Alisema haoni cha kuchekesha. Alisema yeye mwenyewe alisomeshwa kwa mtama, na mama aliyetia kidole cha masizi kwenye barua anajua thamani ya shule kuliko wengi waliokaa pale. Bi Undisa akamuunga mkono. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, hata Chogo akatikisa kichwa kwamba hana. Wakakubali wote. Edna angebaki mpaka afanye mtihani, maharagwe yako yangepokelewa jikoni. Mzee Kidiga akanigeukia akasema, “Karani, andika hiyo vizuri.” Nikaandika, kwa penseli.

Jioni nilipoketi kwenye mashine nikafika ya saba, nilimsikia Chogo akicheka kana kwamba amesimama nyuma yangu. Nikafikiri kwamba watakaosoma watasema barua mwandiko wa karani, uamuzi mwandiko wa karani, mtoto ni wa dada ya karani. Niliona haya. Nikajiambia Bi Undisa amesikia kwa masikio yake, Mzee Kidiga yupo, mtoto atabaki tu hata pasipo karatasi. Nikairuka. Nikalipatia lile bati la jiko namba saba, nikachomoa karatasi.

Agosti Bi Undisa akahamishwa. Mzee Kidiga akaugua, akazikwa wiki moja kabla shule haijafunguliwa. Na siku ile uliponitazama mdomo ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mepesi, “Mwalimu, nilisahau moja.” Lakini wajumbe wangeuliza karani anasahau kwa ajili ya nani, na anakumbuka kwa ajili ya nani, na mimi nilikuwa na watoto watano na kazi moja. Nikajiambia nitasahihisha kwenye mkutano. Mkutano ukaja Novemba, mtihani umekwisha kuanza. Hata hapo mwenyekiti alifunua karatasi akasema anadhani walisema kitu kuhusu maharagwe. Akatafuta, hakuona. Akacheka, akasema labda anachanganya na shule nyingine ambayo pia yumo kwenye bodi yake. Chogo alinitazama kidogo, kisha akatazama chai yake. Kumbukumbu zikathibitishwa.

Miaka kumi na mitatu umewachukia watu waliokuwa wamekupa haki yako. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Wiki iliyopita nikisafisha kabati la ofisi nimekuta daftari la penseli la mwaka ule. Nilidhani nililichoma. Sikuja kukuambia kwa mdomo kwa sababu ni mwoga, hilo nalo liandikwe. Ila pia nilitaka safari hii jambo lisomwe mbele ya wenyewe, kama alivyofanya baba. Ukurasa wenyewe nimeuchana, umo ndani ya bahasha. Nakuomba usiinuke kitini mpaka Minayo amalize. Umeandikwa hivi:

“Kumbukumbu ya 7: Barua ya Bi Respa Kadenyi. Mzee Z. Kidiga alipendekeza, Bi Undisa akaunga mkono, na kikao kikakubali kwa kauli moja kwamba Edna Muhonja abaki shuleni hadi mwisho wa mtihani, na maharagwe ya mama yake yapokelewe kuwa karo.”

Minayo, hiyo isome mara mbili. Mama yako hakukataliwa.

Sikuombi unisamehe kwa haraka, wala sitaji ada ya mtoto huyu, ingawa nitailipa. Nikiitaja hapa itakuwa kama nanunua, nami sina cha kukununua wewe uliyeuza ndizi kwa ajili yangu. Ukitaka kuyasema haya kanisani au mbele ya ukoo, yaseme, nitakuja niketi nisikie.

Nisalimie majirani, na mchungaji, na yule mbwa wako asiyenipenda. Loice amefunga sukari na majani chai kwenye kifurushi, na nguo ya Minayo ya Krismasi. Yeye hajui kilichomo humu, nitamsomea leo kabla hatujainuka mezani. Mungu akulinde na akuponye goti.

Kama kawaida ya kumbukumbu, nimeacha nafasi chini. Ukiona hivi ndivyo ilivyokuwa, weka kidole chako, hata kwa masizi, unirudishie. Ukiona huwezi, iache wazi.

Mimi nduguyo,
Jotham Igunza, aliyekuwa karani

Imesomwa na kuthibitishwa: ..............................