Gari ya Muhamadi Iliyopenda Mteremko

Liliane, uko wapi? Nimetoka arusini sasa hivi. Mugisha, yule yule Mugisha, anafundisha watu kununua gari! Bila haya!

Mwaka wa tisini na tisa mi sijausahau.

Kila mara Muhamadi, fundi cherehani wa watu, alipopanda mlima wa Nengo kuitazama ile gari nyeupe Mugisha aliyokuwa anaiuza, aliikuta imeegeshwa pua ikitazama bondeni. Mugisha anaachia breki, inateremka kidogo, inawaka. "Bon, umesikia? Hii haijasukumwa tangu izaliwe, ndugu yangu."

Muhamadi akaamini, akanunua. Alitaka kitu kimoja tu: binti yake Nasrine asiende kwa mumewe kwa gari ya kuazima.

Asubuhi ya arusi Mugisha mwenyewe akaileta, akaizima uwanjani. Tambarare! Nasrine akaketi nyuma, mashangazi vigelegele. Muhamadi akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya, Liliane!

Wazee wa bwana arusi wakavua makoti wakasukuma. Wakwe! Wakwe wanasukuma! Ikakoroma, ikazima. Muhamadi hakuthubutu kugeuka amtazame binti yake.

Ndipo Mugisha akaweka chini sahani ya pilau, akafoka mbele ya wote: "We Muhamadi, si vile! Tia vitesi ya pili, ya kwanza haiipendi!"

Akatia gia ya pili, wakwe wakasukuma tena. Ikawaka.

Haijasukumwa tangu izaliwe!

Na leo unajua anawaambia nini vijana? "Mukienda kununua gari, mutazame kwanza wameiegesha wapi."