Donge Zima

Bordesley Green,
Birmingham.
16 Januari 1973

Kwako dada yangu Magdalene,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Nauliza hali yako, ya shemeji na ya watoto, na kama mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Naomba kitu kimoja tu: barua hii usimsomee Mama kabla hujaimaliza wewe peke yako.

Unaijua kwa barua nyumba ninayopanga. Mwenyewe ni Bwana Whitlock, askari wa zamani aliyeoa Japani baada ya vita. Mkewe, Bi Hisako, ni mdogo wa umbo na si msemaji. Kwa miaka ishirini mumewe alimkataza kupika chakula cha kwao, na akikaidi alipigwa. Majirani walikuwa wakisikia. Mwaka juzi mzee akapooza upande mmoja, ulimi ukawa mzito, hata kumeza kukawa taabu. Ndipo Bi Hisako alipoanza kupika anachotaka.

Krismasi ilipopita alinifundisha kutengeneza mochi, vitamutamu vyao vya mwaka mpya. Tuliloweka mchele wa kunata tangu jana yake, tukaupika kwa mvuke ndani ya kitambaa, kisha tukautwanga ungali moto katika bakuli la mawe. Mimi nilitwanga, yeye akachovya mkono majini na kuugeuza upesi kati ya pigo na pigo. Nilicheka, dada, kwa maana mikono yangu ilikumbuka kinu. Mchele ukawa kitu kimoja cheupe kinachovutika kama ulimbo. Tukaufinyanga madonge, na ndani ya kila donge tukatia maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Maharagwe tuliyapata kwa Harjit, Singasinga wa Kisumu mwenye duka hapa mtaani.

Mzee alivipenda kupita kiasi, na Bi Hisako hakumnyima. Alimkatia vipande vidogo kama punje za mahindi, akakaa naye mpaka ameze kila kimoja. Aliniambia kwamba kwao kila mwaka mpya kuna wazee wanaokabwa na mochi wakafa, na babake mwenyewe alikufa hivyo, wanawe wakitazama. Akanionya nisimpe mzee hata kidogo yeye asipokuwepo.

Jumamosi iliyopita Bwana Whitlock alikutwa amekufa kitini, donge limemziba koo. Bi Hisako aliwaambia polisi kuwa yeye ndiye aliyempa. Tangu hapo mtaa mzima umevikumbuka vile vipigo. Wanasema alingoja miaka ishirini. Jana asubuhi polisi walirudi wakamchukua, na mpaka sasa hajaonekana. Bakuli lake la kutwangia bado liko mezani. Siwezi kulisogeza.

Dada, hakumpa yeye. Nilimpa mimi.

Bi Hisako alikuwa amekwenda sokoni. Mimi nilikuwa nimetoka zamu hospitalini, macho yananiuma, nataka kulala. Mzee aliyaona madonge kwenye sahani akaanza kugonga meza kwa kijiko. Akagonga, akagonga. Nikampa moja, zima. Usidhani nilimhurumia, nilimpa ili anyamaze. Akanyamaza kabla sijafika juu ya ngazi, na ukimya ule niliufurahia. Mimi ni muuguzi, Magdalene. Ningejua maana yake kama ningetaka kujua.

Bi Hisako aliporudi alimkuta mzee amekwisha kufa, na mimi nimelala juu. Aliniamsha, akanishika mkono, akasema polepole, “Wewe hukushuka. Ulikuwa umelala. Una mama anayekungoja, mimi sina mtu.” Nami nikaitikia.

Leo nimemweleza Harjit yote. Aliegemea kaunta akasema, “Sista, nyamaza. Hapa sisi wageni wanatutafutia sababu tu ya kutufukuza.” Najua hakukosea. Nimeyatii maneno yake saa nzima, nimekaa jikoni, nikashindwa.

Sasa nimevaa koti. Nikiitia barua hii posta nakwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Kama wataniamini, sijui. Na wakiniamini, sijui watanifanya nini. Ukikaa bila barua yangu, usiniulizie hospitalini.

Mama mweleze kwa maneno yako, lakini usimpunguzie neno. Wakumbatie watoto, na shemeji mpe mkono wangu. Niombeeni, na mwombeeni Bi Hisako kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Mumbua